Kutafuta mimba hospitalini: kwa nini kiinitete kimoja kinatosha

Toka Mutwanga kufika Kasindi si safari ndefu, na ukivuka mupaka barabara inakupeleka mpaka Kampala. Huko, mayai ya mama yanakutanishwa na mbegu ya baba nje ya mwili, kisha kiinitete kinarudishwa tumboni. Kazi hiyo inakula dola nyingi, ndiyo maana wengine wanaomba: munganga, weka viwili ao vitatu, tupate wote mara moja.

Tunaelewa, kwetu mapasa ni furaha. Lakini zaidi ya nusu ya mapasa wanazaliwa mbele ya wiki 37, na mama naye anakaribia zaidi tansiyo na kutokwa damu nyingi. Tarehe 29 Novemba 2023, Safina Namukwaya, mwenye miaka 70, alizaa mapasa Kampala kwa njia hiyo. Walikuja mbele ya wakati, wakawekwa kwenye kuvezi. Kampala kuvezi zilikuwepo. Kijijini, penye moto wa umeme unakatika, je?

Uswidi, miaka ya 1990, karibu robo ya uzazi wa namna hii ulikuwa wa mapasa. Mwaka 2003 wakakata shauri: kwa kawaida kiinitete kimoja. Mapasa wakashuka mpaka karibu 5 kati ya 100, na wenye kupata mtoto hawakupunguka, kwa sababu viinitete vinavyobaki vinagandishwa. Cha kwanza kisiposhika, kinarudishwa kingine.

Hatari iliyo karibu zaidi ni klomifeni, kidonge cha kukomaza mayai, ambacho kinaweza kukomaza mawili ao matatu pamoja. Usikimeze bila ekografi. Munganga akiona mayai ni mengi, atawaambia mungojee mwezi mwingine.