Chokaa Ilizaa Mashine ya Kupulizia Rangi, Sasa Inaiua

Wadau, juzi nimemkuta fundi rangi mmoja wa mtaani kwetu kakaa juu ya ndoo, pampu yake iko chini vipandevipande. Alikuwa amepata kazi ya kupaka chokaa kuta za godauni. Siku ya pili mashine ikagoma: vali zimelika, rangi haipandi, na tajiri anataka kazi yake. Aliyemuuzia alimwambia eti inapuliza "rangi zote". Nikarudi nyumbani kuchimba historia ya mashine hizi, na kichekesho nilichokikuta ni kwamba kazi ya kupulizia rangi ilianza na chokaa hiyohiyo.

Twende Chicago, miaka ya 1880. Joseph Binks alikuwa msimamizi wa matengenezo katika duka kubwa la Marshall Field. Kuta za chini ya jengo lile zilikuwa zinahitaji chokaa, na kwa brashi kazi haiishi. Binks akaunda pampu ya mkono: mmoja anasukuma, mwingine ameshika bomba lenye tundu mwishoni. Hakukuwa na umeme wala kompresa. Presha ilikuwa ndogo na tundu pana, kwa hiyo chembe za chokaa zilipita bila matata. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Mwaka 1893 jiji hilohilo likaandaa Maonyesho ya Dunia. Majengo yalikuwa makubwa kupindukia, yamevikwa plasta, na siku ya ufunguzi inakaribia. Msimamizi wa rangi, mchoraji Francis Davis Millet, akaamua vijana wake wapulize rangi nyeupe. Ndiyo asili ya jina Mji Mweupe. Sifa apewe nani, Binks au Millet? Watu wanavutana hadi leo. (Millet, kwa taarifa yenu, alikufa kwenye Titanic mwaka 1912.)

Halafu anaingia daktari. Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alikuwa ametengeneza kichupa cha kupulizia dawa kooni kwa wagonjwa wake. Mwanawe Thomas akaligeuza wazo hilo, na mwaka 1907 ikatoka bunduki ya rangi inayotumia hewa iliyoshindiliwa. Viwanda vya magari na fanicha vikaipenda. Mafundi wengi hawakuipenda, na walikuwa na sababu. Hewa ikivunja rangi inatoka ukungu, na rangi za wakati ule zilikuwa na risasi. Fundi akawa anaivuta kifuani. Chama cha wapaka rangi Marekani kiliipinga bunduki hiyo, kwa afya na kwa ajira pia. Hata Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 kuhusu rangi nyeupe ya risasi ulitaka hatua zichukuliwe dhidi ya hatari ya kupuliza.

Miaka ya 1950 ndipo pampu isiyotumia hewa ilipoanza kushika kasi. Yenyewe inaisukuma rangi kwa presha ya kama bar 200 (tairi la gari dogo ni bar 2 hivi) kupitia tundu lisilofika nusu milimita. Rangi inapasuka yenyewe, ukungu unapungua sana. Ila usithubutu kuweka kidole mbele ya tundu: rangi inapenya ngozi, na hata kidonda kikionekana kidogo, ni cha kukimbilia upasuaji mara moja.

Hapo ndipo chokaa inaporudi kulipiza kisasi. Chembe zilizopita kwa upole kwenye bomba la Binks sasa zinasukumwa kwa presha kali, na zinafanya kazi ya msasa. Rangi za zinki za kukinga kutu na rangi nzito za kujaza matundu ya matofali ni hivyohivyo.

Kwa hiyo mtu anayenunua kwa ajili ya rangi nzito, mimi ningemshauri aachane na vipampu vidogo vya utando, atafute ya pistoni, tena kubwa kuliko anavyodhani anahitaji. Pampu kubwa inayokwenda polepole inaishi kuliko ndogo inayohema mchana kutwa, kwa sababu kila mpigo ni msuguano. Aulize fimbo ya pistoni na viti vya vali ni vya chuma kigumu cha aina gani, na je, sili za kubadilisha zinapatikana mjini au mpaka ziagizwe? Hili la mwisho ndilo linaloua mafundi wengi. Mpira uwe mpana, nozeli iwe ya tungsteni kabaidi na tundu kubwa. Chokaa ichujwe kabla haijaingia. Zinki ikorogwe muda wote maana inazama chini. Jioni pampu ioshwe hata kama umechoka, kwani kitakacholala ndani kitaganda.

Na plasta ya chokaa yenye mchanga? Hiyo usiipeleke huko kabisa. Inataka pampu ya skrubu, presha ndogo, mpira mnene na hewa kidogo mwishoni, yaani karibu na kule alikoanzia Binks.

Fundi wetu amemalizia godauni kwa brashi, na siku tatu za ziada hakulipwa. Pampu anayo bado. Anasema ataipulizia rangi za maji tu, akishapata vali.