Mabinti Waliookoa Cheo cha Marlborough

Desemba 1702, Malkia Anne wa Uingereza alimtunuku jemadari wake, John Churchill, cheo cha Duke wa Marlborough. Hakuna ngazi iliyo juu yake katika ukabaila wa nchi hiyo. Miezi 2 baadaye, msiba ukaingia nyumbani. Mwanawe wa kiume pekee aliyekuwa hai, kijana wa miaka 17 aliyekuwa akisoma Cambridge, alifariki kwa ndui. Jemadari akabaki na mabinti wanne, na kwa desturi vyeo vya namna hiyo hurithiwa na wanaume tu. Cheo kipya kilikuwa njiani kuzikwa pamoja na mwenyewe.

Kilichokiokoa ni vita. Tarehe 13 Agosti 1704, Marlborough na Mwanamfalme Eugene wa Savoy waliyashinda majeshi ya Ufaransa na Bavaria huko Blenheim, kando ya Mto Danube. Taifa lilimshukuru kwa ardhi ya Woodstock, karibu na Oxford, na hapo likajengwa jumba la Blenheim. Mwaka 1706 Bunge likapitisha sheria ya kuwaruhusu mabinti zake kukirithi cheo, na wazao wao baada yao.

Alipofariki mwaka 1722, binti yake mkubwa, Henrietta, akawa Duchess wa Marlborough kwa haki yake mwenyewe, si kwa kuolewa. Mwanawe alimtangulia kaburini, hivyo mwaka 1733 cheo kikaenda kwa mtoto wa marehemu mdogo wake Anne, Charles Spencer. Ndugu yake Charles, John, akachukua mali ya Althorp. Katika uzao wake ndimo alimozaliwa Diana, mama yao William na Harry. Jina la Churchill lilirejea mwaka 1817, Duke wa 5 alipoliunganisha na Spencer.

Katika ukoo huo alizaliwa Winston Churchill, mjukuu wa Duke wa 7, ndani ya jumba la Blenheim mwaka 1874. Baba yake alipofariki mwaka 1895, yeye ndiye aliyefuata katika urithi wa cheo cha binamu yake, Duke wa 9, hadi binamu huyo alipopata mtoto wa kiume mwaka 1897. Kama binamu huyo asingepata mtoto wa kiume, Winston angekuwa Duke mwaka 1934 na kuhamia Bunge la Makabaila, kwani sheria ya kumruhusu mtu akane cheo alichorithi ilikuja mwaka 1963. Mwaka 1940 huenda Waingereza wangemtafuta waziri mkuu mwingine.

Kila mwaka, ifikapo tarehe 13 Agosti, ukoo huo hupeleka Windsor bendera ndogo yenye maua ya yungiyungi ya wafalme wa Ufaransa. Ndiyo kodi ya ardhi ya Blenheim. Bendera hukumbusha ushindi wa baba, lakini wanaoipeleka ni uzao wa Anne, binti ambaye hakuishi hata kuuona urithi huo.