Wafia imani wa Mombasa, 1631

Tangu ADF waue waumini kanisani Komanda, Ituri, mwezi wa saba 2025, swali linarudi katika mafundisho yetu hapa Goma: je, zamani Wakristo waliuawa hivi chini ya watawala Waislamu? Wengi hutaja Córdoba, Hispania, ambako Wakristo 48 waliuawa kati ya mwaka 850 na 859. Sisi tunaanzia karibu zaidi, kwenye pwani iliyotupa Kiswahili.

Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wa sultani wa Mombasa na Malindi. Mwaka 1614 baba yake aliuawa baada ya kugombana na kapteni Mreno, na kichwa chake kikapelekwa Goa, India. Mtoto naye akapelekwa Goa, akalelewa na watawa Waagostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Tusimame hapo kidogo: alifundishwa Injili na watu wa taifa lilelile lililomfanya yatima.

Akarudishwa Mombasa kuwa sultani Mkristo, lakini Wareno wa ngomeni walimdharau. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akatangaza kwamba amerudi katika Uislamu. Wakristo wa mji wakaambiwa wachague: kuikana imani au kufa. Wareno waliuawa, wanaume, wanawake na watoto, pamoja na watawa wao. Waafrika waliobatizwa nao walikufa kwa kukataa, akiwemo Dom António, ndugu wa ukoo wa sultani mwenyewe. Wengine walipelekwa utumwani Uarabuni.

Walikuwa Wakatoliki, naam. Mmisionari wetu wa kwanza, Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844 tu. Na hatuwezi kuisimulia habari hii kama vita ya dini peke yake, wala kuitumia juu ya jirani zetu Waislamu wa Birere: sultani alikuwa na kisasi cha baba yake. Lakini wale Waafrika hawakuwa na ngome wala ushuru wa kutetea. Wangeweza kusema neno moja wakaishi.

Mwaka 1632 Yusuf aliihama Mombasa, akawa haramia baharini mpaka kufa kwake 1638. Kanisa la Goa liliwahoji walionusurika na kuandika ushuhuda wao, ndiyo maana majina kadhaa tunayo. Wachungaji wa Beni, Lubero na Ituri, tunawaomba: majina ya wenu yaandikwe kwenye daftari la parokia sasa, pamoja na kijiji na tarehe.