Sarafu za Shaba za Pwani na Waliozikusanya

Miongoni mwa sarafu zote zilizowahi kugongwa katika pwani ya Afrika Mashariki, hakuna zilizowataabisha wasomaji wake kama zile ndogo za shaba nyekundu za masultani wa Kilwa, ambazo upana wake haufiki mara nyingi sentimita mbili na nusu. Upande mmoja wa sarafu hizo hubeba jina la sultani kwa maandishi ya Kiarabu, na upande wa pili hubeba maneno machache ya kumtukuza Mungu au kudhihirisha kumtegemea, yaliyopangwa ili yapatane kwa kina, yaani kwa sauti ya mwisho, na jina lililo upande wa kwanza. Ni desturi ya kipekee, kwa kuwa anayeishika sarafu hawezi kuyapata maneno yote bila kuigeuza. Hata hivyo sarafu hizo hazina mwaka wa kugongwa, hazitaji mji zilikotoka wala thamani yake, na kwa sababu hiyo sarafu moja ya Kilwa ikiwa peke yake husema machache mno. Historia yake imejulikana tu pale zilipokusanywa nyingi, zikapangwa kwa majina, zikalinganishwa mwandiko na uchakavu, na habari zake zikapitishwa kutoka mkono wa aliyeziokota hadi mkono wa aliyeweza kuzisoma.

Kazi hiyo ya kulinganisha, ambayo huitwa elimu ya sarafu au numismatiki, ilipata msingi wake mwaka 1936, wakati John Walker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alipochapisha uchunguzi wake juu ya masultani wa Kilwa na sarafu zao. Walker aliweka majina yaliyosomeka kwenye shaba kando ya majina yaliyomo katika tarikh ya Kilwa, yaani kumbukumbu ya watawala wa mji huo iliyosalia kwa Kiarabu na katika muhtasari wa Kireno wa João de Barros wa karne ya 16. Baada yake G. S. P. Freeman-Grenville aliendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1950, akizichunguza pia sarafu zilizopatikana Kisimani Mafia, magofu ambayo bahari imekuwa ikiyala kwa muda mrefu na ambako mawimbi yalifukua sarafu na kuziacha ufukweni, zikaokotwa na watu waliokuwa wakipita kwa shughuli zao. Inafaa kukumbukwa kwamba sehemu kubwa ya ushahidi uliowafikia wataalamu hao haikutoka kwenye machimbo ya kitaalamu, bali ilitoka kwa waokotaji na wakusanyaji ambao hawakuona uchungu kuonyesha walichonacho.

Jina linalojitokeza zaidi katika sarafu hizo ni Ali bin al-Hasan, na ni yeye aliyezua mjadala mrefu kuliko wengine. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alimweka mtawala huyo mwishoni mwa karne ya 12 kwa kufuata tabaka za udongo ambamo sarafu zake zilipatikana. Mwaka 1984 hazina ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, yenye sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Dinari hizo, tofauti na sarafu za pwani, zilikuwa na miaka iliyoandikwa, na ya karibuni zaidi kati yake iliangukia katika miaka ya 1060. Kwa kuwa jina la Ali bin al-Hasan lilikuwemo kwenye sarafu za fedha zilizozikwa pamoja nazo, watafiti wengi waliona kwamba lazima mtawala huyo arudishwe nyuma hadi karne ya 11, yaani zaidi ya miaka mia moja. Badiliko hilo lisingewezekana kama hazina ile ingegawanywa na kuuzwa moja moja. Dinari zikienda kwa mnunuzi mmoja na fedha kwa mwingine, kila sarafu ingebaki nzuri na nzima, lakini hoja ingekuwa imepotea. Kilichotoa tarehe hakikuwa sarafu yoyote moja, kilikuwa ni ujirani wao ndani ya shimo.

Songo Mnara, kisiwa jirani cha Kilwa, kimethibitisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Uchunguzi ulioongozwa na Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones ulikuta humo akiba ya sarafu za shaba zaidi ya 300 zilizofukiwa ndani ya nyumba, na sarafu nyingine zilipatikana karibu na makaburi. Mtu anayekusanya sarafu kwa ajili ya uzuri wake huenda asione tofauti kati ya ile iliyotoka nyumbani na ile iliyotoka makaburini, lakini kwa mwanahistoria tofauti hiyo ni kubwa, maana inaonyesha kwamba shaba ya sultani haikuwa chombo cha sokoni tu. Ilibeba pia heshima na kumbukumbu. Inashangaza vilevile kwamba sarafu hizo hazikusafiri mbali. Nyingi zimepatikana Kilwa, Songo Mnara na Mafia, na ile ya al-Hasan bin Sulaiman, mtawala aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, iliyogunduliwa Great Zimbabwe, huhesabiwa kuwa tukio la nadra.

Safari ndefu kupita zote ni ya sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, na Maurie Isenberg, askari wa jeshi la anga aliyekuwa na kazi ya rada huko. Pamoja nazo aliokota sarafu nne za Kiholanzi. Alizihifadhi ndani ya kopo hadi mwaka 1979, ndipo alipozipeleka zichunguzwe, na baadaye akaweka alama kwenye ramani kuonyesha mahali alipozikuta. Zimefikaje huko bado ni suala la ubishani, lakini kwa sababu ya alama ile tu, watafiti waliweza kurudi kisiwani mwaka 2013 wakijua pa kuanzia. Ramani hiyo ina thamani kwa elimu kuliko bei yoyote ambayo mnada ungeweza kutoa kwa sarafu zenyewe.

Baada ya zama za Kilwa pwani ilikaa kwa muda mrefu ikitegemea sarafu za wageni, na katika karne ya 19 shaba iliyoenea zaidi Zanzibar ilitoka India: robo ana ya Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Mwaka 1299 wa Hijria, unaolingana na 1881 hadi 1882, Sayyid Barghash bin Said alitoa pesa yake mwenyewe ya shaba, ambayo upande mmoja ina jina lake na dua ya kumwombea hifadhi ya Mungu, na upande wa pili ina mizani na mwaka. Mizani ilikuwa alama ya uadilifu, na iliwekwa pia kwenye pesa ya Mombasa iliyotolewa mwaka 1888 na kampuni ya Waingereza. Wajerumani walifuata kuanzia 1890 kwa pesa ya shaba yenye tai wa dola yao upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande mwingine, hadi mwaka 1904 rupia ilipogawanywa kuwa heller 100 badala ya pesa 64.

Kwa wakusanyaji wa leo, hata hivyo, hakuna sarafu za eneo hili zinazofurahisha kama zile za Tabora za mwaka 1916. Koloni la Wajerumani likiwa limezingirwa na meli za Waingereza, fedha haikuweza kuletwa kutoka Ulaya, ndipo karakana ya reli huko Lulanguru ilipoanza kugonga vipande vya heller 5 na 20, vingi kwa shaba ya manjano, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki, iliyotokana na mabaki kama maganda ya mizinga. Mihuri, yaani vyuma vilivyochongwa ili kupiga chapa, ilichakaa haraka na ikachongwa upya kwa mikono, hivyo taji likatoka kubwa au dogo, na ncha za herufi L mbili za neno heller zikatoka zilizochongoka au zilizojikunja. Tofauti hizo ndogo zimeainishwa kwa herufi katika orodha za wakusanyaji, na ainisho hilo halikuweza kufanywa na mtu mmoja mwenye mkusanyo mmoja. Lilihitaji watu wengi kulinganisha vipande vyao, kubadilishana vile vilivyojirudia na kuelezana walichokiona.

Hapo ndipo starehe hii inapoonyesha ubora wake, na ndipo pia inapohitaji mpaka. Kwa Tanzania Bara mpaka huo umewekwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Pesa ya Barghash, ile ya tai na heller ya Tabora ziko upande wa pili wa mwaka huo, na mpenzi wa sarafu anaweza kuzitafuta, kuzipima uzito na kuzibadilisha na wenzake bila kuipunguzia nchi chochote. Anachopaswa kujizuia nacho ni kuzisugua kwa ndimu na majivu, kwa sababu utando wa rangi ya kahawia unaofunika shaba kuukuu huikinga, na kuuondoa ni kuondoa pia sehemu ya maandishi. Sarafu ya Kilwa ni jambo jingine. Anayeiona imefukuliwa na mvua au mawimbi huisaidia historia zaidi kwa kuandika mahali ilipolala na vitu vilivyokuwa karibu nayo, kisha kuwafikishia habari wahusika wa mambo ya kale, kuliko kwa kuitia mfukoni, maana tarehe za masultani kadhaa bado zinangoja hazina nyingine kama ile ya Mtambwe Mkuu, itakayokutwa ikiwa kamili.