Bia, Kikoa na Fungu: Adabu ya Kushirikiana Gharama na Kazi katika Vyombo vya Uvuvi vya Mombasa

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza, kwa njia ya historia na ya lugha, adabu iliyowaongoza watu wa kisiwa cha Mombasa, hasa wakazi wa Mji wa Kale, katika kugawana gharama na kazi za chombo cha uvuvi kilicho mali ya mmoja wao. Jambo hili laweza kuonekana dogo. Wanahistoria wamezoea kuizungumza bahari ya Mombasa kwa kutaja Wareno na Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593, Waomani, na majahazi ya biashara yaliyotia nanga Bandari ya Kale. Mvuvi hutajwa kwa kupitiwa tu, kama mtu aliyeonekana kwa mbali.

Wataalamu wa lugha, kwa upande wao, hawakuyaacha maneno ya bahari. Utungo wa Ahmed Sheikh Nabhany, Sambo ya Kiwandeo (1979), umehifadhi istilahi za uundaji wa chombo ambazo huenda zingepotea pamoja na mafundi wake, na A. H. J. Prins, katika kitabu chake Sailing from Lamu (1965), alizieleza desturi za mabaharia wa kaskazini mwa pwani yetu. Lakini kazi zote mbili zahusu Lamu. Kwa Mombasa tunayo majina ya tanga, foromali na mlingoti. Tunayo kwa uchache mno maneno ya mapatano baina ya watu waliomo chomboni.

Swali letu basi ni hili: mtu asiye na chombo, akialikwa kuvua na rafiki yake mwenye chombo, adaiwa nini? Jibu la wazee, kama nilivyolisikia tangu utotoni, ni kwamba hadaiwi kitu, lakini anao wajibu. Tofauti baina ya deni na wajibu ndiyo kiini cha makala haya.

Bahari na majira yake

Uvuvi wa Mombasa ni wa kale kuliko habari zake zilizoandikwa. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus, chataja katika kisiwa kimoja cha pwani hii vyombo vya kushonwa, mitumbwi ya gogo moja, na vikapu vilivyotegwa penye milango ya maji, ambavyo msomaji wa leo hawezi kutovikumbuka madema. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, alieleza kuwa chakula cha watu wake kilikuwa ndizi na samaki.

Maumbile ya kisiwa ndiyo yaliyoujenga ushirika wa wavuvi. Wakati wa kusi, bahari ya nje huchafuka na vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba au katika hori za Tudor na Mtwapa. Kaskazi likija, bahari hutulia na wavuvi hutoka nje. Juu ya majira hayo mna mzunguko wa mwezi, bamvua na maji mafu. Mtu peke yake aweza kuvua kwa mshipi katika mtumbwi. Lakini mashua au dau lenye jarife halishuliwi, haliendeshwi wala halipandishwi pwani na mtu mmoja. Hivyo mwenye chombo asiye na watu ni maskini kama mwenye watu asiye na chombo. Hapa ndipo urafiki unapoingia katika uchumi, na hapa ndipo adabu inapohitajika ili uchumi usiuvunje urafiki.

Maneno matatu

Kiswahili kina maneno mawili ya kale yanayotenganisha namna mbili za kushirikiana gharama, nayo yote yamo katika kamusi iliyotoka mwaka 1939 kwa jina la Frederick Johnson. La kwanza ni bia. Watu wakila bia, kila mmoja hutoa sehemu yake wakati ule ule, na kinacholiwa ni cha wote. La pili ni kikoa. Watu wakila kikoa, leo hutoa huyu, kesho yule, hata zamu iwazunguke wote.

Tofauti hii si ya hesabu tu. Katika bia hesabu hufungwa papo hapo, na walioshiriki waweza kuachana bila mmoja kuwa na haki kwa mwenziwe. Katika kikoa hesabu haifungwi kamwe. Aliyekula leo amefungwa kurudi kesho. Bia yawezekana baina ya watu wasiojuana. Kikoa hakiwezekani bila kuaminiana.

Tukizitazama desturi za chomboni kwa maneno haya mawili, mambo mengi hujipanga. Masurufu madogo, kama chai, mikate na chambo, huenda kwa mwendo wa kikoa: mmoja huleta safari hii, mwingine ijayo, na ni aibu kuuliza zamu ni ya nani. Mtu mwenye adabu hujua. Gharama kubwa, kama tanga jipya au wavu uliochanwa na mwamba, huenda kwa mwendo wa bia, maana hazingojei zamu. Mwenye chombo hutangulia kutoa kilicho kikubwa, kwa kuwa mali ni yake. Marafiki humfuata kwa kadiri ya uwezo, na hapa husemwa kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Neno la tatu ni fungu. Samaki wakishauzwa, mapato hukatwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na fungu la kila mtu aliyekwenda. Idadi ya mafungu hutofautiana kwa aina ya zana na kwa mapatano. Kabla ya mafungu, hata hivyo, hutengwa kitoweo, yaani samaki wa kupeleka nyumbani, nacho hakihesabiwi. Rafiki aliyealikwa aweza kulikataa fungu, na kukataa kwake ni uungwana. Hawezi kukikataa kitoweo, kwani kukikataa ni kuwakataa watu.

Kazi kabla ya fedha

Katika adabu hii rafiki huonyesha nafsi yake kwa kazi kwanza, kwa fedha baadaye. Nne kati ya kazi hizo zina uzito wa pekee: kushua chombo na kukipandisha, kufua maji, kuosha chombo na kukunja nyavu baada ya kurudi, na kukitengeneza chombo wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali na chombo kikapwelewa. Mtumbwi huchomwa ubavuni kwa makuti makavu ili kuua wadudu wa mti. Mashua hukwanguliwa, ikatiwa kalafati na kupakwa deheni au sifa. Kazi hii ya nne haina samaki ndani yake, na kwa sababu hiyo ndiyo mizani. Aendaye baharini tu aweza kuwa anafuata kitoweo. Ajaye kuchoma makuti siku ambayo hakuna safari amekuja kwa ajili ya mwenye chombo.

Naomba nitoe ushahidi dhidi ya nafsi yangu. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari nilialikwa na rafiki katika mashua ya baba yake. Nilikwenda na mikono mitupu, nikaketi tezini karibu na usukani, mahali pa nahodha. Hakuna aliyenikemea. Baada ya muda mzee alininyoshea upo, akasema, "Mwanangu, hebu tusaidie maji haya." Nilifua maji, nami nikadhani nimeombwa msaada. Tuliporudi nilipewa changu wawili, nikawachukua na kwenda zangu wenzangu wakiwa bado wanaosha mashua. Sikualikwa tena. Kwa miaka mingi niliamini kuwa walinisahau.

Maana ya upo ule niliifahamu nikiwa ng'ambo katika masomo ya shahada ya uzamili. Huko nilialikwa na wenzangu kuvua ziwani. Kabla ya kuondoka, mafuta, chambo na ada ya maegesho vilihesabiwa, vikagawanywa kwa vichwa, na kila mtu akatoa. Ilikuwa bia safi. Hakuna aliyekasirika, wala hakuna aliyefungwa kurudi. Hapo ndipo nilipotambua kuwa mzee wa Mombasa hakuwa akiniomba msaada: alikuwa akinipa nafasi ya kulipa bila kunitajia deni, nami niliilipa nusu yake tu.

Upande wa pili wa historia

Haifai, lakini, tuipambe adabu hii kupita kiasi. Katika karne ya 19 kazi za pwani, za nchi kavu na za majini, zilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa, na mtumwa aliyepelekwa kazini alimpa bwana wake sehemu ya alichokichuma. Utumwa haukuondolewa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Kwa hiyo lugha ya mafungu yaweza kuwa na wazazi wawili: ushirika wa waungwana na haki ya bwana. Proverbu moja ya baharini yasema kuwa dau la mnyonge haliendi joshi; nayo haikutungwa na watu walioamini kuwa kila aliyemo chomboni ni sawa na mwenziwe.

Sheria ya dini nayo ililitia jambo hili mashakani. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, ushirika uliokubaliwa ni ule wa mali kwa mali. Ushirika wa viwiliwili, yaani wa kuchanganya kazi tupu, haukubaliwi. Kwa fiqhi hiyo, aliyempa mwenziwe wavu ili wagawane samaki hastahiki samaki bali ujira wa wavu wake, na samaki ni wa aliyevua. Yaonekana kuwa desturi ilijitetea kwa njia mbili. Kwanza, fungu lilitajwa kuwa la chombo na la nyavu, si la mwenyewe, hata likafanana na ujira. Pili, mgawo ulifungwa kwa kutakana radhi. Radhi ndiyo iliyoziba pengo baina ya kitabu na pwani.

Mashine na mafuta

Badiliko kubwa kuliko yote lililetwa na mashine. Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 4 wamekwenda kuvua. Chombo kina fungu 1 na nyavu fungu 1. Jumla mafungu 6. Samaki wakiuzwa kwa shilingi 6,000, kila fungu ni 1,000. Siku mbaya wakiuzwa kwa 1,800, kila fungu ni 300. Ni kidogo, lakini hakuna anayedaiwa, kwa kuwa upepo haukuuzwa na mtu. Sasa tutie mashine inayokula mafuta ya shilingi 2,400. Siku njema zitabaki 3,600, na kila fungu ni 600. Siku mbaya hakutakuwa na fungu: patakuwa na upungufu wa 600.

Upungufu huo haukuwa na jina katika adabu ya zamani. Kwa tanga, hasara ya siku moja ilikuwa ni jasho. Kwa mashine ni fedha, na yapaswa ilipwe na mtu. Kwa kanuni ya mali, atalipa mwenye chombo peke yake. Kwa mwendo wa bia, watalipa wote, hata rafiki aliyealikwa. Mara nyingi pande zote mbili huona haya kusema, na mwenye chombo huenda kukopa kwa tajiri, yaani mchuuzi mkubwa atoaye mafuta na nyavu kwa sharti la kuuziwa samaki kwa bei yake. Aliyekuwa mwenye chombo hugeuka mtu wa tajiri, na marafiki zake hugeuka vibarua. Haya iliyokuwa ikiulinda urafiki sasa yaubomoa.

Sheria za serikali hazikuliona pengo hili. Kanuni za mwaka 2007 za vikundi vya usimamizi wa fuo, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016, zilimtambua mwenye chombo, mvuvi mwenye leseni na mchuuzi. Rafiki hana safu katika daftari. Ajali ikitokea au hasara ikiingia, huulizwa alikuwa nani chomboni, na lugha ya ofisi haina neno la kumjibia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa adabu ya chomboni Mombasa ilisimama juu ya mwendo wa kikoa kwa mambo madogo, mwendo wa bia kwa mambo makubwa, na fungu kwa mapato. Na kwamba kazi ndiyo iliyokuwa sarafu ya kwanza ya rafiki. Mashine imeyageuza makubwa kuwa ya kila siku, hivyo yaliyokuwa yakingojea kikoa yanahitaji bia. Si uvunjaji wa adabu kuyasema mafuta kabla ya nanga kung'olewa. Lugha yenyewe imekwisha kutuandalia neno: kutokana na bia tunao mbia na ubia, na leo ubia hutumiwa katika mikataba ya serikali na makampuni makubwa. Laweza pia kurudi pwani lilikotumika zamani.

Kwetu sisi walimu wa lugha, kazi iliyo mbele ni kuyakusanya maneno ya mapatano kwa bidii ile ile iliyotumika kuyakusanya majina ya viungo vya chombo. Wengi wayajuao ni wazee. Mimi nilirudi pwani ile siku moja ya bamvua, bila kualikwa, na mzigo wa makuti makavu. Yule mzee alikuwa amekwisha kufariki, na mashua yake ilikuwa imeuzwa. Mwanawe aliyapokea makuti, akanipa nafasi upande wa omo, tukaanza kuchoma mtumbwi alionao sasa. Hakunitajia lililopita. Tulipomaliza aliniuliza kama nina nafasi kesho alfajiri, kisha, bila haya, akanitajia bei ya mafuta.