Uwanja wa Vita na Eneo la Vita

Mfasiri wa historia ya vita hukutana mara kwa mara na istilahi ya kijeshi ambayo Wazungu waliiazima kutoka jumba la michezo ya kuigiza. Carl von Clausewitz, mwanajeshi wa Prusia, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1832 baada ya kufa kwake, aliieleza kuwa ni sehemu ya nchi zenye vita ambayo mipaka yake imelindwa, na kwa hiyo ina kiasi fulani cha kujitegemea. Ndani yake mna mapigano, lakini mna pia barabara, bohari, hospitali na vijiji.

Wengi huifasiri dhana hiyo kwa "uwanja wa vita". Hapo ndipo penye hitilafu. Uwanja ni mahali pa wazi, pasipo kizuizi; na "medani", neno lililotujia kwa njia ya Kiarabu, halitoki mbali na maana hiyo. Tanga, mwezi Novemba 1914, palikuwa uwanja wa vita. Mahiwa, Oktoba 1917, vivyo hivyo. Lakini Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki ilienea hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, ambako Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918. Hakuna uwanja wa ukubwa huo.

Huenda msomaji akauona huu kuwa ubishi wa maneno tu. Na awafikirie wapagazi. Wale waliotumikia majeshi ya Waingereza, ambao jina la kikosi chao limebaki Kariakoo, Dar es Salaam, walikufa kwa makumi ya maelfu, na walio wengi waliuawa na maradhi, njiani na kambini. Mfasiri aandikapo "waliokufa katika uwanja wa vita" huwaondoa katika hesabu bila kukusudia, kwani kwa Kiswahili aliyefia uwanjani ni aliyeuawa na adui. Akiandika "waliokufa katika eneo la vita", wamo.

"Mstari wa mbele" haufai hapa. Miaka ya 1970 Tanzania iliitwa nchi ya mstari wa mbele, ilhali haikupakana na Rhodesia wala Afrika Kusini. Neno hilo limekwisha kuwa la siasa.

Napendekeza basi "eneo la vita" kwa dhana pana, na "uwanja wa vita" au "medani" kwa mahali pa pambano lenyewe. Ama "thieta ya vita", ambayo nimeiona katika rasimu moja mbili, msomaji wetu atadhani kuna mgonjwa anapasuliwa.