Bei ya Ushindi: Masoko ya Ubashiri na Mechi za Kompyuta

Soko la ubashiri huuza hisa za jambo ambalo bado halijatokea. Timu mbili za mchezo wa kompyuta wa Counter-Strike zinapokutana, hisa ya "ndiyo" kwa timu ya kwanza hulipa dola 1 timu hiyo ikishinda, na ikishindwa hailipi chochote. Bei ikiwa senti 63, wanunuzi kwa jumla wanaipa timu hiyo nafasi ya asilimia 63. Asiyekubaliana nao hununua "hapana" kwa senti 37, na dola moja iliyochangwa na wawili hao humwendea aliyebashiri sawa. Kampuni ya kubeti hupanga odi zake (uwiano wa malipo) na kumlipa mteja kutoka mfukoni mwake. Soko ni dalali tu: hukutanisha watu na kuchukua ada. Tena hisa haingoji mechi iishe. Mwenye hofu huiuza katikati.

Udalali wa namna hii ulikuwepo zamani kwenye siasa. Katika uchaguzi wa Marekani wa 1916, kati ya Woodrow Wilson na Charles Evans Hughes, madalali wa Wall Street walishika dau za mamilioni ya dola, na magazeti yakachapisha odi zao kama yanavyochapisha leo bei za hisa. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Iowa kilifungua soko dogo la uchaguzi kwa ajili ya utafiti, ambako baadaye mtu hakuruhusiwa kuweka zaidi ya dola 500.

Michezo ya kompyuta ilifika kwenye dau kwa mlango wa nyuma. Agosti 2013 kampuni ya Valve iliingiza skini, yaani mapambo ya silaha, ndani ya Counter-Strike. Zilipita mkono kwa mkono, zikapata bei, na tovuti kama CS:GO Lounge zikazipokea badala ya fedha: skini za walioshindwa ziligawanywa kwa walioshinda. Hata mtoto asiye na akaunti ya benki aliweza kucheza.

Ulaghai ulikuwepo tangu mapema. Mwaka 2010 Korea Kusini ilitikiswa na wachezaji wa mchezo wa StarCraft waliouza mechi, akiwemo bingwa Ma Jae-yoon. Mwaka 2013 mchezaji mmoja wa mchezo wa Dota 2 aliweka dau dhidi ya timu yake ili apate dola 322, na hadi leo anayecheza ovyo hutaniwa kwa namba hiyo. Agosti 2014 timu ya Counter-Strike ya iBUYPOWER ilipoteza kwa makusudi mbele ya timu ya NetCodeGuides. Januari 2015 Valve iliwafungia waliohusika. Julai 2016 kampuni hiyo ikaziamuru tovuti za dau la skini zifunge shughuli.

Masoko ya ubashiri ya mtandaoni ndiyo yaliyorudisha mechi hizi kwa sura ya hisa. Kalshi, mojawapo ya masoko hayo, ilipata kibali cha mdhibiti wa masoko wa Marekani Novemba 2020. Soko jingine, Polymarket, lililoanzishwa mwaka huohuo, lilitozwa faini ya dola milioni 1.4 Januari 2022 kwa kufanya kazi bila kibali.

Mwenendo wa mechi huyumbisha bei kuliko alama zinavyoonyesha. Timu iliyopoteza raundi na silaha zake mara nyingi hukosa fedha za kununua nyingine, hivyo raundi inayofuata huwa karibu imekwisha kabla haijaanza, na bei hushuka kwa mkupuo. Matangazo ya moja kwa moja nayo huchelewa, kwa hiyo aliye ukumbini huona kabla ya aliye nyumbani. Mchezaji wa akiba akiingia au timu ikijiondoa, masharti yaliyoandikwa kabla ya mechi ndiyo huamua nani alipwe.